Cheche na MajiMaji: kisa cha chama cha wanafunzi kilichofungwa Mlimani mwaka 1970

Novemba 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifikishiwa amri ya serikali: chama chao cha mapinduzi ya Afrika, USARF, kimefungwa, na jarida lao, Cheche, lisichapishwe tena. Sababu walizopewa zilikuwa mbili. Kwanza jina la jarida. Cheche lilionekana kuwa tafsiri ya Iskra, gazeti alilolianzisha Lenin na wenzake mwaka 1900, hivyo lingewafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi badala ya ujamaa wake yenyewe. Pili, Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kinatawala, ulikuwa na tawi palepale chuoni, kwa hiyo chombo kingine cha itikadi hakikuhitajika.

Kisa hiki nimewasimulia mara nyingi viongozi wapya wa vyama vya wanafunzi, maana kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa vyama vya fani za insia: cha Kiswahili, cha historia, cha fasihi. Kila mwaka wa masomo unapoanza wananiletea rasimu ya katiba niweke saini. Katiba ina kurasa 14. Ina ibara ya nembo, ibara ya mhuri, ibara ya jinsi ya kumwondoa mweka hazina. Nikiwauliza Jumamosi ijayo mtafanya nini, wanatazamana. Chama cha namna hiyo huishi mpaka waasisi wake wavae joho, kisha mhuri unabaki kwenye droo ya mtu. USARF iliishi miaka mitatu, ikafungwa kwa amri, na zaidi ya nusu karne baadaye bado tunaizungumza. Nataka kueleza iliwezaje. Nataka pia kuonyesha mahali ambapo naona iliteleza, kwa sababu kuteleza kwenyewe kunatugusa moja kwa moja sisi tunaosoma na kufundisha lugha.

Mlima na jeraha la 1966

Chuo kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, na tangu hapo kwa watu wa Dar es Salaam chuo ni Mlimani.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewachukua miaka miwili, sehemu kubwa yake wakifanya kazi kwa mshahara uliokatwa. Kulikuwa na mabango yaliyosema maisha ya ukoloni yalikuwa nafuu. Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Bila siku ile USARF haieleweki. Mwananchi wa kawaida aliyeuza vitumbua Kariakoo alikuwa amesikia kwamba vijana waliosomeshwa kwa kodi yake wanaona uchungu kulitumikia taifa. Neno msomi likaanza kuwa na ladha ya dharau, na hiyo dharau ilikuwa na sababu. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na benki zikataifishwa wiki hiyohiyo. Machi mwaka huohuo chuo kikaitisha mkutano mkubwa kujadili nafasi yake katika nchi inayojenga ujamaa. Katika hali hiyo, mwaka 1967, kundi dogo la wanafunzi likaunda chama chao cha mapinduzi ya Afrika, ndicho kilichojulikana kwa herufi USARF.

Mwenyekiti alikuwa kijana wa Uganda aliyekuja kusoma siasa na uchumi, Yoweri Museveni. Alikuwapo Eriya Kategaya, naye wa Uganda. John Garang wa Sudan alipita Dar es Salaam miaka hiyo akajiunga nao. Walikuwapo Watanzania, Wakenya, watu wa Malawi na kwingineko. Hiki kilikuwa chama cha wanafunzi cha Afrika Mashariki na Kati hasa, kilichokaa Dar es Salaam kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umejaa ofisi za wapigania uhuru. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa hapo tangu 1963, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa hapo, na Februari 1969 kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa hapohapo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Mwanafunzi wa Mlimani hakuhitaji kusoma vitabuni kwamba kusini kuna vita. Aliwaona wanaopigana wakipita barabara ya Samora, ambayo wakati huo bado iliitwa Independence Avenue.

Kazi ya kila Jumapili

Nikisoma kumbukumbu za watu waliokuwapo, kinachonivutia zaidi ni darasa la Jumapili kuliko maandamano yoyote. Kila Jumapili wanachama walikaa pamoja kusoma. Walisoma Marx, walisoma Fanon, walisoma historia ya ukoloni, kisha wakabishana. Hapakuwa na alama za mtihani wala cheti. Mwenye kitabu alimwazima mwenzake. Walioshindwa kuelewa waliuliza, na ukiuliza kizembe ulijibiwa kwa ukali.

Walimu wachache walikuja, na aliyejulikana kuliko wote ni Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, aliyefundisha hapo kuanzia 1966, akaenda Jamaika mwaka 1968 ambako serikali ilimfungia mlango mwezi Oktoba, akarudi Dar es Salaam 1969 na kukaa mpaka 1974. Rodney hakuwa kiongozi wa chama. Alikaa na wanafunzi, akabishana nao kama mtu wa rika lao, na kwa umri hakuwa mbali nao, kwani alizaliwa 1942. Kwa sisi walezi wa leo hilo lina uzito. Mara nyingi mlezi ni saini tu kwenye barua ya kuomba ukumbi. Yeye alikuwa anasoma walichokisoma wanafunzi, kisha anawapa na chake wakisome.

Darasa hilo lilizaa matendo. Mwaka 1968 Museveni na wenzake kadhaa walivuka hadi maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji kuona FRELIMO inavyofanya kazi, na safari ile ikawa msingi wa utafiti wake kuhusu nadharia ya Fanon juu ya matumizi ya nguvu. Mwaka huohuo ukaja ubishi wa siku ya matambara. Hii ilikuwa desturi iliyoletwa kutoka vyuo vya Uingereza: wanafunzi wanavaa matambara, wanapanda malori, wanazunguka mjini wakicheka na kuomba michango ya hisani. USARF waliona ni dhihaka. Katika nchi ambayo watu wanavaa viraka kwa kukosa, mtu mwenye kitanda cha bweni na milo mitatu anavaaje viraka kwa kujifurahisha? Siku ilipofika, malori yalikutwa matairi yametolewa upepo. Sherehe ikavunjika.

Nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu kama kitendo kile kilikuwa sawa. Wengi husema hapana, kwamba mlemavu na yatima waliokuwa wapate mchango ule walikosa. Ni hoja nzito, nami siwezi kuipuuza. Lakini nataka waone jambo jingine: watu waliotoa upepo walikuwa wamekwisha kulijadili kwa wiki kadhaa wakiwa wamekaa, wakijua wanasema nini na kwa nini. Mwaka 1969 walipoungana na wenzao wa sheria kudai mitaala ibadilishwe, mambo yakawa hivyohivyo. Walikuwa na hoja kabla ya kuwa na kelele.

Stensili

Toleo la kwanza la Cheche lilitoka Novemba 1969. Wahariri walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Henry Mapolu, wa sosholojia. Na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanzania. Jarida lilitolewa kwa pamoja na USARF na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU. Msomaji ashike hilo, litarudi.

Jarida lilirudufiwa kwa stensili. Vijana wa leo wanaotuma faili kwa simu hawajui maana yake, nami nawaeleza kwa sababu niliifanya kazi hiyo shuleni tulipokuwa tunaandaa mitihani. Unatoa utepe wa wino kwenye taipureta, ili herufi zigonge moja kwa moja kwenye karatasi ya nta na kuikata. Ukigonga herufi o kwa nguvu, kile kiduara kinadondoka, na kwenye nakala linatoka doa jeusi. Ukikosea unapaka dawa yenye harufu kama rangi ya kucha, unapuliza, unangoja ikauke, unagonga tena juu yake ukiomba isipasuke. Stensili ikikamilika unaivisha kwenye pipa la mashine, unazungusha mkono, na kurasa zinatoka moja baada ya nyingine zikiwa bado na unyevu. Halafu ndiyo kazi hasa inaanza: marundo ya kurasa yanapangwa kuzunguka meza ndefu, watu wanatembea kwa duara wakichukua ukurasa mmoja kutoka kila rundo, wa mwisho anabana kwa stepla. Jarida la kurasa 60 katika nakala 100 ni kuinama mara 3,000 na ushee, hata ukiwa umechapa pande zote mbili. Mikono inakuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Hapo mzembe hajifichi. Katika chama chenye katiba nzuri mtu anaweza kuwa katibu mwenezi mwaka mzima bila kueneza lolote. Kwenye meza ya kupanga kurasa, asipokuwapo anaonekana. Nadhani kazi hii ndogo, ya kuchosha, inayorudiwa, ilikishikilia chama kuliko itikadi yenyewe. Watu wanaoweza kutofautiana juu ya Lenin Jumapili wakashirikiana kubana kurasa Jumatatu usiku, hao wana chama.

Septemba 1970 ukatoka waraka wenye matata. Toleo maalumu la Cheche lilibeba insha moja ndefu ya Issa Shivji, aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya nchini. Shivji hakutukana mtu. Alichukua orodha za kampuni na mashirika ya umma, akafuatilia hisa ziko kwa nani, nani anakaa kwenye bodi ipi, ni kampuni gani za nje zilizopewa mikataba ya kuendesha mashirika yaliyotaifishwa. Akafikia hitimisho kwamba kutaifisha peke yake hakujaukata mkono wa mtaji wa nje, na kwamba ndani ya dola linakua tabaka la warasimu lenye masilahi yake. Mwaka wa tatu baada ya Azimio, hilo lilikuwa jambo la kuumiza kulisikia, tena kutoka kwa kijana mwenye takwimu mkononi.

Dalili zilikuwa zimekwisha kuonekana. Desemba 1969 Rodney alitoa mada kwenye semina ya vijana hapo chuoni, na gazeti la chama, The Nationalist, likamjibu kwa tahariri kali. Alijibu kwa barua ya adabu na msimamo. Miezi miwili baada ya insha ya Shivji, amri ikaja.

Kwa nini hasa

Watu wengi husimulia kwamba chama kilifungwa kwa sababu ya ile insha. Sikatai kwamba insha ilichangia, mpangilio wa miezi unasema wenyewe. Lakini naomba sababu mbili zilizotolewa tuzichukue kwa uzito wake badala ya kuzitupa kama visingizio, kwa sababu zinatufundisha serikali ilikuwa inaogopa nini.

Kuhusu jina, serikali haikukosea. Wahariri walilichukua kwa makusudi kutoka Iskra, na kutoka The Spark, gazeti la Nkrumah kule Ghana. Hawakuficha. Ila cheche pia ni neno la jikoni, la mhunzi, la kila aliyewahi kupuliza kuni mbichi. Kusema neno hilo ni la Kirusi ni kuwapa Warusi mali yetu. Kilichokuwa kikigombewa hapo ni nani ana haki ya kusema ujamaa ni nini. Kama ujamaa ni mali ya Tanzania, je, kijana wa Kitanzania aliyesoma Marx anaweza kuuzungumza, au lazima angoje waraka?

Sababu ya pili ndiyo nzito. Tawi la Umoja wa Vijana lilikuwa mchapishaji mwenza wa Cheche, na wengi wa Watanzania wa USARF walikuwa wanachama wa tawi hilo. Serikali haikuwa inavunja genge la wapinzani wa TANU. Ilikuwa inavunja chombo kilichosimama nje ya TANU, hata kama waliokuwa ndani yake walikuwa wafuasi wa TANU wenye bidii kuliko wengi. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1969, lilitokea jambo kama hilo mbali kabisa na chuo. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoanzia Litowa na kuunganisha vijiji zaidi ya kumi vilivyolima na kuishi kijamaa kwa hiari, kilivunjwa na Kamati Kuu ya TANU. Wale wakulima walikuwa mfano hai wa alichokuwa Nyerere anakihubiri. Walivunjwa kwa sababu walijiendesha wenyewe.

Nikiweka Litowa na Mlimani bega kwa bega, kisa cha USARF kinabadilika machoni pangu. Hakiwi tena hadithi ya wasomi waliosema sana. Kinakuwa sehemu ya swali ambalo nchi nzima ilikuwa inaliamua, kama watu wanaweza kujenga jambo jema bila kuwa tawi la kitu kingine. Jibu la miaka ile lilikuwa hapana. Nampenda Mwalimu kama wengi wa rika langu tunavyompenda, na nalisema hilo kwa uchungu.

Kuna pigo moja ambalo husahaulika. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa wa Watanzania. USARF ilikuwa ya yeyote aliyesoma pale. Ukisema tawi linatosha, umewaambia Mganda, Mkenya na Mmalawi kwamba hawana tena pa kukaa Jumapili. Mwaka 1970 ni mwaka uleule ambapo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjika kuwa vyuo vitatu, tarehe 1 Julai, na Mlimani ikawa ya kitaifa. Museveni alikuwa amekwisha kuhitimu na kuondoka. Chama cha Afrika Mashariki kilikufa miezi minne baada ya chuo cha Afrika Mashariki kufa, na sidhani kama kingeweza kuishi muda mrefu baada yake, kwa amri au bila amri.

Walichofanya

Walikuwa na njia chache. Wangeweza kukaidi na kufukuzwa, kama wale wa 1966. Wangeweza kunyamaza. Au wangeweza kuingiza kazi yao ndani ya tawi na kuendelea. Si wote waliokubaliana, na mpaka leo waliokuwapo hawalisimulii kwa namna moja. Lakini mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana likatoa jarida jipya, na jina lake likawa MajiMaji.

Mtu aliyechagua jina hilo alikuwa na akili. Mmeambiwa jina lenu ni la kigeni; basi chukueni lile lililozaliwa kwenye milima ya Wamatumbi mwaka 1905, la vita ambavyo TANU yenyewe ilivihesabu kuwa chimbuko la uhuru. Nani atalipiga marufuku? Ndani ya jarida hilo hoja ziliendelea: elimu, matabaka, mashirika, ukombozi wa kusini.

Mimi naona waliofanya hivyo walifanya sawa, ingawa gharama yake niliyoitaja juu, ya wenzao wasio raia, haikulipwa na wao. Mlango wa chama ulifungwa na meza ya kupanga kurasa ikabaki. Ingekuwa USARF ni katiba na viongozi, amri ile ingetosha kabisa. Mwaka 1972 Rodney alipochapisha kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kwenye dibaji aliwashukuru wanafunzi wawili waliousoma mswada wake na kuukosoa: Karim Hirji na Henry Mapolu. Wahariri wa jarida lililofungwa walikuwa bado wanasoma miswada, tena ya mwalimu wao, na mwalimu anawashukuru kwa kumkosoa. Shivji naye, mwaka 2008, akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere palepale Mlimani. Wanaouliza kuhusu Museveni na yote yaliyofuata Uganda tangu 1986 nawajibu kwamba chama cha wanafunzi hakiwezi kudai sifa wala kubebeshwa lawama ya maisha mazima ya mwanachama wake.

Palipoteleza

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Jarida liliitwa Cheche, kisha MajiMaji. Majina ya Kiswahili, mazuri. Ndani, makala nyingi zilikuwa za Kiingereza.

Najua sababu zake na nazikubali nusu. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na Mganda au Mmalawi wa USARF asingefuata Kiswahili cha nadharia ambacho hata Watanzania walikuwa hawajakiunda. Idara ya Kiswahili yenyewe hapo chuoni ilianza mwaka 1970. Lakini tazama kilichotokea miezi mitatu tu baada ya Cheche kuzimwa. Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, kwa Kiswahili. Ibara ya 15 ilisema ni mwiko kwa kiongozi wa Tanzania kuwa na majivuno, makuu, dharau na udikteta. Kijitabu hicho kikaingia viwandani. Wafanyakazi walikuwa wanakitoa mfukoni mbele ya meneja na kumsomea ibara. Kwa miaka miwili migomo ilisimama juu ya ibara ile, mpaka wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walipokitwaa kiwanda chao mwaka 1973. Hata wanafunzi wa Mlimani, katika mgogoro wa Akivaga wa Julai 1971, Akivaga mwenyewe, rais wao, Mkenya, alipomwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi na kufukuzwa, waliutumia Mwongozo kama ngao.

Shivji alikuwa amesema kwa undani zaidi, na kwa ushahidi zaidi, jambo linalokaribiana na ibara ile. Lakini mfanyakazi wa Mount Carmel asingeweza kulitoa mfukoni. Insha ilisomwa na maprofesa wa nchi tatu nne, ikajibiwa, ikachapishwa upya pamoja na majibu yake, na sifa zote inastahili. Haikufika viwandani Chang'ombe. Chama kilichovunja siku ya matambara kwa sababu ya heshima ya maskini kiliandika juu ya maskini kwa lugha ambayo maskini hakuisoma. Sisemi hivi kuwahukumu vijana wa miaka 22 waliofanya kazi kuliko mimi nilivyowahi kufanya katika umri ule. Nasema kwa sababu sisi wa vyama vya Kiswahili tunayo zana ambayo wao hawakuwa nayo, na tunaitumia kuandaa mahafali na mashindano ya umalenga.

Mwaka jana nilikataa kusaini katiba. Niliwaambia viongozi wa chama cha Kiswahili kwamba nitasaini baada ya Jumamosi nane za kazi, kazi yoyote watakayoichagua wenyewe. Walikasirika. Wawili waliacha. Katibu, msichana wa mwaka wa pili, alikuwa amenisikia nikisimulia kisa hiki darasani, akauliza kama ile insha ya 1970 ipo kwa Kiswahili. Nikamwambia mimi sijawahi kuiona. Akasema basi hiyo ndiyo kazi yetu.

Jumamosi ya kwanza walikuja saba, ya tatu wanne. Hawakuvuka ukurasa wa kumi na moja. Walikwama kwenye jina la lile tabaka la kati, watu wenye mali kidogo na elimu kidogo na hofu kubwa ya kurudi chini. Mmoja alitaka mabwanyenye uchwara. Mwingine, kijana wa Tanga, akasema uchwara ni tusi, linamhukumu mtu kabla hujamweleza, bora vibwanyenye. Katibu akauliza kama ki- na vi- hapo si tusi vilevile, tena kubwa zaidi, maana linamfanya mtu kuwa kitu. Wakabishana saa nzima. Mlinzi alikuja kufunga jengo saa kumi na mbili, akasimama mlangoni akiwasikiliza, kisha akauliza ni watu gani hao wanaozungumzwa. Wakamweleza. Akafikiri kidogo, akasema kwao mtu kama huyo anaitwa mwenye njaa ya kiti.

Katibu aliandika hilo pembeni ya ukurasa kwa kalamu ya risasi. Wiki iliyofuata mlinzi aliwafungulia mlango nusu saa kabla.